Msimnyoe Sweta

Mpendwa Mama,

Siwezi kukuuliza hali. Hali yako naijua. Wewe ndiye usiyejua yetu, na kuna jambo limetokea hapa Mbotela ambalo nataka ulisikie kutoka kwangu, kabla Jose hajakueleza upande wake katika maombi yake ya Jumapili. Linamhusu Sweta, mbwa wako.

Joto la mwaka huu, Mama, si la kusimuliwa. Mabati yanalia kuanzia saa nne asubuhi, na bafuni kwetu hakuogeki kwa sababu Sweta amehamia huko. Analala kifudifudi kwenye saruji, miguu minne ameitawanya, ulimi uko nje, anahema mpaka mbavu zinatetemeka. Siku moja nilimwita akainua jicho moja tu, akalifunga tena. Hapo ndipo niliogopa. Nilishakuzika wewe, sikuwa na nguvu ya kumzika na yeye.

Jose akasema dawa ni moja. Unamjua mwanao: tangu afungue duka lake la kinyozi pale karibu na Jogoo Road, kila tatizo la dunia linatibiwa kwa mashine ya kunyoa.

"Siz, huyu msee anaungua," akaniambia. "Cheki vile anahema. Ni nani anavaa koti la manyoya kwa jua kama hii? Wacha nimnyoe para, asikie fresh."

"Utamnyoa bei gani?"

"Bure! Si ni mbwa wa mathe?"

Neno hilo "bure" nikalitilia shaka papo hapo. Jose hajawahi kuninyoa mimi bure, na mimi ni dada yake wa tumbo moja. Nikamwambia nitafikiri. Baadaye nikasikia kwamba anataka kumrekodi Sweta kwa simu akinyolewa, video iwe tangazo la duka. Unaona? Ulitufundisha vizuri.

Ulitufundisha siku ileile Sweta alipoletwa. Nakumbuka yule mteja wako wa kusuka, wa rasta ndefu, aliyekuwa anahama mtaa, alivyokuja na kiondo na ndani yake kitu kama donge la uzi lenye macho. Akakuchekea mpaka meno ya nyuma. "Mama Jose, huyu ni wa aina ndogo, atakomea magotini." Mwaka haujaisha, mbwa akisimama anakuwekea mikono mabegani. Jose akasema amezaliwa na sweta akasahau kuivua, na jina likakaa. Lakini wewe hukucheka. Ulisema, "Mtu akikuchekea kupita kiasi, tazama mikono yake." Kuanzia hapo tukawa tunatazama mikono ya watu wote, hata ya mchungaji.

Kwa hivyo sikumpa Jose jibu. Lakini shaka si sababu pekee, na wewe sikufichi. Tulipokuzika kule kijijini, tulinyolewa sote, kama ilivyo desturi kwetu. Shangazi alitunyoa wanawake kwa wembe, na Jose akashika upande wa wanaume. Nikaona nywele zangu zikianguka kwenye majani, nikajua ndiyo basi, tumekuachilia. Sweta hakuwepo. Alibaki hapa Nairobi. Nywele zetu zimeota tena, Mama, lakini manyoya ya Sweta ni yaleyale uliyoyachana kila jioni pale barazani, ukishamaliza kusuka mteja wa mwisho, kwa kile kitana chako kipana. (Wateja hawakujua kitana kile kilikuwa na kazi mbili. Sikuwahi kusema.) Nilikuwa nikimshika Sweta shingoni, naona ninashika kitu ambacho mikono yako ilikigusa. Ndiyo maana sikumchana tangu uondoke. Niliona nikimchana nitakutoa.

Nilikuwa karibu kumkatalia Jose. Ndipo akaja Mama Halima.

Ndiyo, huyohuyo jirani wa mkono wa kulia. Miaka mingapi mmegombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo? Bado namsikia amesimama uani, ameinua nguo yake nyeupe ya sala iliyojaa manyoya. "Mama Jose! Siku hizi mbwa wako anasali nami?" Nawe hukosi jibu: "Basi thawabu mgawane!" Mimi nilikuwa najificha jikoni kwa aibu.

Basi mwanamke huyo akagonga mlango wetu, akasimama nje, Sweta akiwa ndani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimesikia ndugu yako anataka kumnyoa mbwa. Msimnyoe."

Nikamtazama mikono. Haikuwa na kitu.

"Kwani wewe hupendi anyolewe?" nikamuuliza. "Manyoya si yanakusumbua?"

"Yananisumbua. Lakini msimnyoe."

Akaenda zake. Mama, sikulala vizuri. Mtu ambaye amelalamikia manyoya maisha yake yote, leo anayatetea? Nikageuza maneno yake juu chini, kama ulivyokuwa ukigeuza pakiti sokoni kutafuta tarehe. Nikaona jibu moja tu: anajua joto hili litamuua Sweta, kamba yake ibaki safi milele. Asubuhi nikampigia Jose simu. "Njoo Jumamosi na mashine." Mimi niliyetaka kumwacha nikaamua kumnyoa, kwa sababu tu jirani alisema asinyolewe. Usicheke. Ungefanya vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo nikawa namchunga Mama Halima. Na kadiri nilivyomchunga ndivyo nilivyoogopa. Kila adhuhuri, jua likiwa utosini, Sweta aliamka bafuni, akajikokota nje, akapotea nyuma ya nyumba. Akirudi, kidevu kimelowa. Nikamnusa mdomo. Haukunuka kitu, na hilo likanitisha zaidi, maana sumu nzuri hainuki. Mtaani si tumesikia mbwa wangapi waliokula nyama ya barabarani wakalala wasiamke?

Jumamosi yenyewe, kabla Jose hajafika, nikamfuata. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji na mwiko mkononi, sijui nilitaka kumpiga nani. Sweta akaenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma wa Mama Halima. Pale kivulini, chini ya shuka zilizoanikwa, palikuwa na sufuria kuukuu iliyobonyea. Mama Halima akatoka na jagi, akakusanya nguo zake zisiguswe, akamimina maji kwa mbali. Sweta akanywa. Akanywa mpaka sufuria ikasogea.

"Kunywa, bwana," akamwambia. "Mwenyewe hayupo, maji yapo."

Nikatoka nyuma ya tangi. Mwiko bado mkononi, Mama, kama mpishi aliyepotea njia.

"Tangu lini?" nikauliza.

Hakushtuka. "Tangu mlipokwenda kuzika. Mlimwachia mlinzi, na mlinzi alisahau. Mbwa akaja hapa. Mimi simgusi, unajua, nina udhu wangu. Sufuria hii ni yake peke yake. Lakini kiumbe mwenye kiu hanyimwi maji mlangoni kwangu."

Nikasema asante. Halafu, kwa sababu mimi ni mwanao, nikauliza, "Na kwa nini ulisema tusimnyoe?"

Akaweka jagi chini. "Jioni ile kabla hajapelekwa hospitali, mama yako aliniita pale barazani. Alikuwa amemshika mbwa sikio. Akasema, 'Halima, nikiwa huko watu watamwiba huyu. Nimemtia alama. Nimemsuka msuko mmoja nyuma ya sikio, chini kabisa, hauonekani. Wakimwiba wakaapa ni mbwa wao, wewe utasema msuko uko wapi.' Nikamuuliza mbona hawaambii watoto wake. Akasema nyinyi mna midomo."

Nilikaa chini, Mama, palepale kwenye saruji, karibu na sufuria. Wewe! Usiyemwamini mchungaji. Usiyemwachia shangazi ufunguo. Siri yako ukampa mwanamke wa kamba ya nguo.

"Akasema kingine," Mama Halima akaongeza, na sasa hakunitazama. "Akasema, 'Nikirudi nitaufumua mwenyewe.'"

Nililia. Sikulia hivyo hata kaburini.

Jose akatokea kwenye kona wakati huohuo, mashine imechajiwa, simu iko tayari kurekodi. "Niaje, mbona mnakaa matanga tena?" Nikamweleza. Akaiweka simu mfukoni. Akapiga magoti, akaingiza vidole nyuma ya sikio la kushoto, hakuna. La kulia, vidole vikakwama. "Uko," akasema. "Siz, uko."

Ulikuwa umezungukwa na mafundo. Manyoya yote ya Sweta yalikuwa yameshikamana chini, mazito kama godoro lililolowa, hewa haipiti. Nikakumbuka nilivyokuwa mtoto, nilivyokusihi uninyoe Januari ili nisichanwe, nawe ukanigonga begani kwa kitana: "Nywele hazina joto. Joto ni la nywele zisizochanwa." Sweta hakuwa anaungua kwa sababu ya manyoya. Alikuwa anaungua kwa sababu mimi nilikataa kuyagusa.

Jose akaleta kitana chako. Tulichana mchana kutwa, kwa zamu, tukianzia mkiani, na Mama Halima akituongoza kutoka kwenye kiti chake: "Polepole kwenye tumbo. Mama yako hapo alikuwa anapuliza kwanza." Kumbe miaka yote alikuwa anatazama. Tulitoa manyoya ya chini, mengi, laini, ya kujaza mito miwili. Upepo ukayabeba, ukayapeleka unajua wapi. Mama Halima akatazama shuka zake, kisha akarudisha macho kwenye kitana. Na Sweta, jua likianza kushuka, akasimama, akajikung'uta, akambwekea paka. Alikuwa hajambwekea mtu wala paka tangu uondoke.

Msuko tuliuacha mwisho. Jose alisema, "Fumua wewe. Mimi ni wa kunyoa." Nikaufumua uzi kwa uzi, kama ulivyonifundisha, kuanzia nchani. Ulikuwa umekazwa vizuri, Mama. Mkono ulikuwa unakutetemeka siku zile, lakini msuko haukuonyesha. Ulipoisha, manyoya yake yalibaki yamejikunja kwa muda, kisha yakanyooka. Wembe wa shangazi haukunifanya nikuachilie. Msuko huu ndio ulionifanya.

Sasa unaweza kulala. Sweta anachanwa kila jioni, nasi tumehamisha kamba yetu upande wa pili. Na kwa sababu mbwa aliyechanwa anapendeza, na mtaa huu naujua, jana nimemsuka msuko mpya, mwembamba, chini kabisa. Barua hii huenda ikaangukia mikono ya watu, kwa hivyo siandiki ni mahali gani. Hata Jose sijamwambia, ana mdomo.

Nimemwambia Mama Halima.

Pumzika, Mama, mlango nimeufunga.

Ni mimi, mwanao wa mwisho.