Jaji wa Bledsaw na Ndugu Yake

Lubbock, Texas
2 Februari 1986

Mpendwa Baba Mkubwa Orval,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, nami natumaini goti lako limepoa na upepo wa Bledsaw umekubakizia paa.

Nina neno. Mume wangu Gene amepata kazi Oregon na anatakiwa huko Juni mosi. Yeye amekwisha funga vitu vyake. Mimi bado, na sababu unaijua. Hii ndiyo nyumba ambayo Baba alituacha, mimi na marehemu Mama, nikiwa na miaka kumi na minne. Namba ya simu ni ile ile. Siku akitaka kunitafuta, atanitafuta hapa.

Humu nimetia ombi kwa mahakama yako. Wanasema mtu akipotea miaka saba, jaji wa kaunti anaweza kumtangaza kuwa amekufa. Sitaki shamba wala chochote chake. Nataka tu kujua ningoje au nisingoje. Ukijua aliko niambie, na kama hujui, tia sahihi.

Mwanao,
Nedra


Harlan Draw, Kaunti ya Bledsaw
17 Februari 1986

Mwanangu Nedra,

Barua yako imefika na imenikuta nina nguvu za fahali wawili. Goti halijambo, ni mimi ninayelisumbua. Kwenu je, Gene anakula vizuri? Mwanamume asiyemaliza maharage yake simwamini, mpelekee habari hiyo.

Ukame huu ni mkali. Upepo umevuma hata shamba la Hollis Tubbs limehamia kaunti ya jirani, na mimi nimewaandikia wenzetu huko watuletee kodi yake. Hollis ni kamishna wangu, kwa hiyo naye amepiga kura ya ndiyo. Nimepiga marufuku mioto kaunti nzima. Hata mapadri nimewaambia wapunguze mahubiri ya jehanamu hadi mvua inyeshe.

Ninyi watu wa mjini mkisikia jaji mnafikiria joho na nyundo. Sheria sikusoma. Shule niliiacha darasa la saba na mwalimu akalia, wenye husuda wanasema kwa furaha. Miaka kumi na minane niliendesha greda la kaunti, nikazinyoosha barabara za Bledsaw hadi sungura wakakosa kona ya kujificha. Mwaka 1966 nikagombea na kumbwaga mwanasheria mwenye tai kwa kura kumi na nne, na huu ni muhula wangu wa tano. Mimi ndiye ninayeongoza kikao cha makamishna wanne wasiokubaliana hata saa ni ngapi. Wosia nafungua mimi, ndoa nafungisha mimi, na daraja likibebwa na maji, simu inayolia ni yangu. Hakuna anayepiga kuniuliza kama nimekula, lakini angalau inalia.

Sasa kuhusu baba yako. Doyle yuko Alaska, kwenye mabomba ya mafuta, nimekwisha kukuambia. Juzi bomba liliganda maili nne, mainjinia wakashindwa, wakamwita yeye. Akaliinamia akalisimulia kiangazi cha kwetu, likayeyuka. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuandika barua. Ombi lako nimempa Imogene, karani wa kaunti, aliweke vizuri. Hata hivyo mimi siwezi kuikalia kesi ya damu yangu. Sheria haitaki.

Nenda Oregon, mwanangu. Doyle akija nitamwelekeza.

Baba yako mkubwa,
Jaji Orval Stribling


Lubbock
5 Machi 1986

Baba Mkubwa,

Natumaini hujambo. Sisi tuko hivyo hivyo.

Nimewapigia simu watu wa mabomba, ofisi tatu. Hakuna Doyle Stribling, wala hajawahi kuwapo. Nikiwa na miaka kumi na sita uliniambia yuko Arabuni anawachimbia wafalme visima. Nilipoolewa ukasema amenunua meli. Nilizipenda hadithi zako, hilo sikatai. Nilizisimulia shuleni, na wakati wenzangu wanacheka mimi nilikuwa naamini.

Wakati ule nilikuwa mtoto. Gene ameniuliza kama nimeolewa naye au na simu. Tafadhali, nijibu kama jaji, si kama baba mkubwa.

Nedra


Harlan Draw
13 Mei 1986

Mwanangu Nedra,

Hujambo. Mimi mwilini sijambo.

Umeniomba jibu la jaji. Miezi miwili nimelizunguka, na muda wote lilikuwa kabatini kwa Imogene, kitabu cha mwaka 1979, ukurasa wa themanini na moja.

Agosti mwaka ule nilikuwa mkahawani kwa Vesta, nikiwasimulia wazee wa meza ya kahawa kwamba Doyle amenunua meli. Akaingia naibu wa sherifu, mtu mgeni kwetu, akasema kuna maiti kwenye meza za mapumziko za barabara kuu, maili kumi na moja kutoka hapa. Mkaguzi wa maiti alikuwa hospitali, na akikosekana yeye kazi inamwangukia jaji. Nikaenda. Wazee wa kahawa nao wakafuata, wakabaki kwenye magari yao.

Alikuwa amelala chini ya meza, kivulini. Ndevu zimejaa, amekonda, viatu vimetiwa kadibodi ndani. Mfukoni mna kipande cha tiketi ya basi. Basi lilimshusha mji wa jirani na sehemu iliyobaki alikuwa anakuja kwa miguu. Moyo na joto, daktari alisema. Nilimjua kwa sikio la kushoto, lile nililolikata mimi kwa makasi ya kondoo tulipokuwa wadogo.

Naibu akaniuliza, "Unamjua, Jaji?"

Nikasema, "Simjui."

Hawakuwa mbali watu niliowapa habari za meli hata nusu saa haijaisha. Nikaandika kwa mkono wangu: mwanamume asiyejulikana, umri kama miaka sitini. Baba yako alikuwa na arobaini na tisa.

Tulimzika makaburi ya mji, upande wa maskini, kwenye sanduku la kaunti. Tulikuwa watatu, mimi, mhubiri na mchimba kaburi. Mhubiri akauliza kama kuna mwenye neno. Mimi huyu ninayeweza kuzungumza hadi ng'ombe wakarudi zizini wenyewe, nilikosa neno. Mchimba kaburi akasema, "Basi pumzika, bwana," na hayo ndiyo yaliyosemwa.

Toka hapo kila ulipoandika kumuuliza, nilimpeleka mbali zaidi.

Jana Jumatatu ilikuwa siku ya kikao. Tulipomaliza habari ya kokoto za barabara, nikaomba kitabu kile kiletwe, nikawasomea ukurasa wenyewe na kuwaambia ni nani. Imogene alikuwa anaandika kumbukumbu, kalamu ikasimama. Hollis akavua kofia, akasema, "Orval, tumekunywa kahawa na wewe miaka saba." Nikamwambia ndiyo. Kisha nikawapa barua ya kujiuzulu. Mwendesha mashtaka ataamua la kunifanya, na lolote atakaloamua ni haki yake.

Humu mna cheti cha kifo kilichosahihishwa. Jina ni lake, umri ni wake. Usingoje tena, na usifikiri miaka hii saba alikuwa hai na hakukutafuta. Kwa nini alikuwa anarudi sijui, na safari hii sitabuni.

Orval


Lubbock
1 Julai 1986

Baba Mkubwa,

Gene alitangulia Oregon peke yake. Nilimwambia nitamfuata Agosti ikiisha. Amesema sawa, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Nilisoma barua yako mara moja tu. Juzi Jumapili nikaja Harlan Draw bila kukuambia. Nilipofika makaburini ulikuwepo. Umeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, umejimiminia kahawa na kikombe cha pili umekiweka chini, na ulikuwa unazungumza. Nilijua kwa jinsi mikono yako ilivyokuwa inakwenda. Nilizima gari nikasubiri uondoke niende kwake, lakini hukuondoka. Saa mbili zikapita, nami ndiye niliyeondoka.

Sijui ulikuwa unamwambia nini. Nilikuonea wivu. Halafu nikakuchukia njia nzima hadi Lubbock.

Nitakuja tena Jumapili.

Nedra


Harlan Draw
3 Julai 1986

Mwanangu,

Salamu. Natumaini u mzima.

Jumapili zote hadi mwisho wa Agosti ni zako. Hutanikuta. Geti la makaburi lina ukaidi, liinue kidogo ndipo usukume. Njoo asubuhi kabla jua halijakaza, maana upande ule hauna mti.

Mimi nitakwenda siku za kazi. Siku hizi sina kazi.

Baba yako mkubwa