Kipande Chembamba

Jumatano, 5 Machi

Ninaandika kwa sababu leo nimetamka neno ambalo siwezi kulirudisha, na katika kliniki nzima hakuna ninayethubutu kumwambia jinsi ninavyojuta.

Mgonjwa ni fundi cherehani, mshonaji wa nguo za harusi. Wiki iliyopita alikuja na kinundu ubavuni mwa ulimi: kidogo kama punje ya hindi, kigumu, cha manjano hafifu. Hakiumi. Amekaa nacho miaka miwili akizisingizia pini, maana huzibana kwa midomo anaposhona. Mimi mwenyewe nilikata kipande cha kupima. Chembamba, nadhifu, karibu bila damu. Muuguzi alisema nimekata kama ninayemenya kitunguu. Nikadhani ni sifa.

Leo jibu la maabara limefika. Tabaka la juu linafanana na saratani. Palikuwa na sentensi ya pili, sikuipa uzito. Daktari mkuu alikuwa chumba cha upasuaji, nami nilitaka atoke akute kazi imekamilika — mgonjwa amearifiwa, rufaa imeandikwa, sahihi yangu chini yake.

Nikamwita fundi. Nikamwambia, kwa ufasaha wote niliofundishwa, kwamba kwa masikitiko matokeo yanaashiria saratani ya ulimi.

"Kansa?"

"Ndiyo. Kwa lugha ya kawaida."

Akacheka kidogo. "Ulimi huu umewashinda mashangazi zangu wote, daktari. Leo unashindwa na kipele?"

Kisha akauliza kama utakatwa. Nikamjibu kwa asilimia. Asilimia!

Ijumaa, 7 Machi

Daktari mkuu amelisoma jibu mbele yangu, kwa sauti, taratibu. Sentensi ya pili: kipande ni chembamba mno kutoa uamuzi, leteni cha ndani zaidi.

"Umesoma kichwa cha habari," akasema, "ukaenda kumsomea mwenyewe tanzia."

Hakufoka. Heri angefoka.

Tumemwita fundi tena. Mkuu amemwambia bado hatujui, akakata mwenyewe, kwa kina. Mimi nilishika kibano. Fundi alitazama dari muda wote.

Alhamisi, 13 Machi

Mtaalamu wa maabara — sote humwita Babu Lenzi — ameniketisha kwenye hadubini yake. Chini ya ngozi ya ulimi: seli kubwa, zimejaa chembechembe kama mchanga. Uvimbe wa nadra. Si saratani. Ila una ujanja mmoja: huifanya ngozi iliyo juu yake inenepe na kuchimbia vijimizizi chini, hata anayekata juujuu huapa kwamba ameona saratani.

"Umeangalia bati," akasema Babu Lenzi, "ukatangaza msiba ndani ya nyumba."

Swali la uvimbe huu nililijibu katika mtihani wa mwaka wa nne. Nilipata alama zote.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu ameniachia nimwambie fundi mwenyewe. Safari hii sikutafuta maneno.

"Dada, si kansa. Nilikosea. Tutakiondoa chote, na ulimi utabaki wako."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita dada. Alizungusha kitufe cha blauzi yake.

"Mimi nimeshamwacha mtu," akasema.

Mchumba wake ni seremala. Ndoa ilikuwa iwe mwezi ujao. Gauni liko kwenye cherehani yake, limebaki mkono mmoja. Jioni ya Jumatano ile alimwambia atafute mwenye afya. Naye seremala akajibu: kama ndivyo ulivyoamua, sawa.

"Nilitaka abishe, daktari. Mtu huyu hubishana hata na mbao! Kwangu akasema sawa."

Nikajitolea kumpigia simu papo hapo, nimweleze yote.

"Usithubutu. Umeshanisemea mara moja, imetosha." Akafuta macho, karibu atabasamu. "Nitamtumia ujumbe kuwa ninafanyiwa upasuaji wiki ijayo. Basi. Akija, awe amemjia mwenye kansa. Nijue ninamshonea nani huo mkono uliobaki."

Ninajiuliza kama ni haki. Kisha ninajiuliza mimi ni nani wa kuuliza. Kinundu kitatoka kwa nusu saa. Hili lingine nimelipanda mimi, nalo halikatiki kwa kisu.

Jumatano, 19 Machi

Seremala amepiga simu kliniki, akaomba kuzungumza nami. Nyuma yake msumeno wa umeme ulikuwa ukilia. Akauliza kama mwenzake atapona. Kabla sijajibu akauliza tena, kwa sauti ya chini:

"Au nakuja kumuaga tu, daktari? Maana kuaga siwezi. Siku ile nilisema sawa kwa sababu sikuwa na sauti ya kusema lingine."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Fupi, jema, na la kweli. Nilipaswa kulijua siku kumi na nne zilizopita, wakati lilikuwa kazi yangu kulitafuta. Leo si langu. Nikabana midomo kama fundi anavyobana pini, kisha nikasema ya mgonjwa huyasema mgonjwa mwenyewe.

Msumeno ukazimwa. Nikamsikia akipumua.

"Basi nipe saa."

"Jumamosi, saa nne asubuhi. Mlango wa pili kushoto."

Hakusema atakuja. Aliirudia tu, taratibu, kama anayepima ubao mara ya pili kabla ya kuukata: Jumamosi, saa nne.