Bibi Alikaa Mlangoni

Jumapili usiku, Timbwani

Mwanaisha, mtoto wa kaka yangu, kaniudhi leo. Mtihani wake wa marudio chuoni ni kesho, na bado arahisisha hesabu kabla ya kutazama fanksheni ya ndani yakubali nambari gani.

Fanksheni mbili zafuatana. Ya kwanza, ile ya ndani, yatafuta kipeuo cha pili, ya pili yazidisha jibu kwa lenyewe. Akafuta alama zote, akabaki na x. “Shangazi, nambari yoyote yaingia.”

“Hata hasi tisa?”

“Si mwisho yatoka hasi tisa? Tatizo li wapi?”

Tatizo li mlangoni! Ya kwanza haiipokei hasi tisa, kwani nambari hasi haina kipeuo cha pili katika nambari halisi, basi haifiki kwa ya pili, hata kama huko ingekaribishwa.

Hapo nikamkumbuka Bibi. Alikuwa akikaa ukumbini, karibu na mlango, akisuka ukili. Tukichelewa, tuliruka dirisha la jikoni tusimkabili. Tushaanza kula, twasikia: “Rudini nje! Mwapita dirishani kama paka? Piteni mbele, mniamkie.” Na sahani twaziacha pale pale.

Nilimhadithia Mwanaisha. Akacheka, na hesabu iliyofuata akaipata mwenyewe. Lakini naogopa. Akianguka tena, chuo hakitampa nafasi nyingine.

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi kwa mlango wa mbele. Kiti cha Bibi bado kipo. Nikasema shikamoo, kwa sauti kabisa.

Kisha nikasimama kizingitini, nikingoja kuitikiwa ndipo niingie.