King'ora Juu ya Paa la Kiwanda

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka Ilford, hapa London. Usicheke: nina miaka kumi na sita, lakini mama yako ananiita baba mdogo, basi babu yako ndiye mimi. Mama yangu hajambo, bado anafanya usafi hospitalini.

Uliniuliza kwa nini ninazunguka London nikitafuta ving'ora vya zamani. Kusema kweli, nilikuwa nikificha jambo hilo kwa aibu, mpaka Mama aliponikuta nje ya kiwanda kimoja, nimekodolea paa macho.

"We mtoto, unatazama nini huko?"

"King'ora cha wakati wa vita vya zamani hapa London, Mama. Kile chenye vichwa viwili na mota katikati. Ndege za mabomu zikikaribia kinalia, watu wanakimbia kujificha."

Nilingoja anicheke. Badala yake alinishika mkono kwa nguvu.

"Yaani waliambiwa kabla?"

"Ndiyo, Mama."

"Waliambiwa! Sisi kule nyumbani, vita vilipotufikia, nani alituambia?"

Aina zote za ving'ora ninazijua kwa umbo, lakini hilo sikuwahi kuliwaza.

Siku hizi tukipanda basi, yeye ndiye hunigonga bega: "Tazama, kingine kile! Kina vichwa vingapi?"

Babu yako anayekupenda.