Kuvu Nyuma ya Jicho

Mwenzangu, umeamka? Alfajiri hii kifuniko cha birika kimegonga, nikashtuka nikidhani bado niko wodini.

Si uvimbe wa ubongo! Jana daktari karudia mara mbili: "Bibi, ni kuvu. Ilijaa nyuma ya pua ikasukuma jicho. Tumeitoa yote."

Kuvu! Kama ya mkate! Na mimi nilishagawa nguo zangu.

Wanangu wamecheka hadi machozi. Mimi nimeshindwa kucheka.

Yule mama wa kitanda cha jirani, aliyenishikia kikombe nilipokuwa sioni, wake ni uvimbe kweli. Na picha zetu za kichwa zilifanana, mwenzangu, zilifanana kabisa!

Kanifungia mzigo kwa mikono yake. "Nenda zako, Bibi Kuvu, umeponyoka."

Kisha hakuniachia mkono. "Lakini utakuja tena kuniona?"