Kwa Bakari, Ndugu Yangu wa Ziwa, Uliyeyafumua Maziwa Yetu

Ndugu yangu wa ziwa, Bakari,

Salamu sikupi. Mie ndiye mkubwa, japo kwa miezi miwili, na shikamoo hutoka kwako ikaja kwangu. Yako sijaipata tangu ulipohamia Dar es Salaam, basi tuendelee hivyohivyo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wapo wanaosema Hamisi kalamu haijui, waje wasome. Darasa la tatu la zamani lilikuwa darasa, si haya ya sasa. Nikimaliza naibandika ukutani pale dukani, kila mtu aione, maana walokunywa maziwa yale ni Ngamiani nzima.

Unakumbuka, au ukishafika Dar mtu husahau? Mama yako mzazi alifariki wewe hata shingo haijakaza, mama yangu akakuchukua. Ziwa la kulia mie, la kushoto wewe. Mwenyewe alikuwa akisema mie ndiye nilokuwa nanyonya kwa nguvu, wewe ukisinzia na ziwa mdomoni. Sijisifu, ni yeye alosema. Mgeni akiuliza hawa ni pacha, mama anajibu, "Mmoja nimemzaa, mmoja nimemnyonyesha, na huyu wa kunyonyesha ndiye alonimaliza." Ukicheka wewe kuliko wote.

Tukawa na ng'ombe wetu kule Mabawa na duka letu hapa Ngamiani. Katika Tanga hii hajatokea muuza maziwa wa kunifikia mie, na wewe unajua. Nilikuwa namdondoshea mteja tone juu ya ukucha, namwambia, "Likitiririka, lina maji, usinilipe." Halikutiririka hata siku moja. Nawe nyuma yangu unatia maneno: "Kaka, kwa ukucha mchafu ule, tone litapita wapi?" Tulikuwa watu wa kucheka sisi.

Kisha ukaniletea habari ya kile kiwanda kidogo cha Usagara. Ukanipeleka nikaone. Yule binti wa koti jeupe alinipokea kwa adabu, shikamoo yake kamili, akanionyesha mapipa na mabomba yanavyong'aa. Akanambia ndani ya maziwa mna protini za namna nyingi. Nyingine ndizo zinazoganda ukafanya jibini, nyingine zinabaki kwenye yale maji ya jibini, nazo huzikamata kwa vichujio vyembamba kushinda kitambaa chochote. Wakishazitenga huzikausha zikawa unga, huu wa wagonjwa, huu wa wazee, huu wa vijana wanaonyanyua vyuma.

Nikamuuliza, "Binti yangu, mie na huyu tumenyonya ziwa moja, ndiyo tukawa ndugu. Katika protini zenu hizo, ipi ndiyo ilotufanya ndugu?"

Akacheka mpaka akavua miwani. "Hiyo, babu, mashine yetu haijaikamata."

Nilimpenda yule binti. Yeye hakunificha kitu. Wewe ulonificha.

Njiani nilikuuliza, wanataka nini kwetu? Ukanambia, na maneno yako ninayo hapa sikioni: "Kaka, wanataka yale maji yanayobaki tukitengeneza jibini, yale tunayowapa ndama. Maziwa ya watu hawayagusi. Wao watatusaidia kuyapoza tu, asubuhi yanakwenda, mchana yanarudi." Nikakubali. Ningekubalije kwa mtu mwingine? Na mdomo wangu unaujua, nikatoka nao barazani, nikatoka nao mlango wa msikiti: maziwa ya Hamisi yanapozwa kwa mashine sasa, lakini ni yaleyale, wallahi hayajaguswa. Nikaapa, Bakari. Kwa neno lako nikaapa.

Alonizindua ni Mama Rehema wa chai. Alinisimamisha mbele za wateja wake, sufuria mkononi. "Mzee Hamisi, tazama. Nachemsha, nachemsha, utando haushiki. Maziwa yako siku hizi yana nini? Au umeoa mke mdogo, matumizi yamezidi?" Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwa ukali kuwa moto wake mbaya. Jioni nikachemsha mwenyewe nyumbani, kwa moto mzuri. Utando haukushika.

Nilipokujia hukukataa. Hilo ndilo lililonichoma, hukukataa wala hukuona haya. Ukanieleza kama unamfundisha mtoto. Kwamba wanatoa malai, yale mafuta ya juu, kisha maziwa wanayapitisha kwenye vichujio, ile protini wanayoitaka inatoka na maji yake, halafu wanatia maji safi yakarudi kipimo chake. Nikasema, mmetia maji? Ukasema, "Si ya kuongeza, Kaka, ni ya kurudishia. Bado ni maziwa. Nani atajua?"

Nani atajua! Mtu alosimama nyuma yangu miaka yote ile ya tone na ukucha. Nikapata na habari nyingine, kwamba ni wewe uliyewaambia pale kiwandani, "Kaka yangu msimwambie, kichwa chake kigumu." Kigumu, ndiyo. Kilikuwa kinabeba jina letu wawili.

Asije mtu akasema Hamisi anauchukia unga. Mwaka huu niliumwa nikabaki mifupa, daktari akaniandikia unga uleule wa wazee. Nimekunywa, nimepata nguvu, ingawa nguvu zenyewe nilikuwa nazo za kuzaliwa. Lakini kopo limeandikwa ubavuni lina nini. Mtu anasoma, anajua, ananunua. Maziwa yetu yalikuwa yameandikwa na ulimi wangu, na ulimi wangu umesema uongo.

Niliwaambia wateja ukweli mmoja mmoja. Wamebaki wachache. Vijana nikipita na baiskeli wananipigia kelele, "Babu, leo umetoa nini?" Mie, Hamisi!

Basi nikaenda kwa sheikh. Nikamwambia nataka kuuvunja udugu huu mbele ya mashahidi, anipe utaratibu. Akanitazama sana. "Mzee Hamisi, angekuwa mke ungetoa talaka. Ndugu wa ziwa hana talaka. Alichonyonya amenyonya." Nikabishana naye mpaka adhana ikamtoa.

Nikarudi nyumbani nikamwambia dada yetu Mwanaisha: Bakari akija, ujitande ushungi kama kwa mtu baki, ajue. Alikuwa anachambua mchele, hata uso hakuinua. "Nimtandie mdogo wangu? Nilomwogesha mie? Katande wewe." Kisha akaniuliza utakuja lini.

Jibu nakupa wewe. Dukani usikanyage, nikikuona pale, uzee wangu hautanizuia. Nyumbani sina la kufanya. Mlango haujabadilishwa, na Dada hapokei amri yangu. Ukija, pitia uani, ule ulichopikiwa, mie nitakuwa chumbani nimegeukia ukuta.

Kaka yako, kwa hukumu ya sheikh, si kwa kupenda kwangu,

Hamisi