Doa la Pasi Kwenye Gauni la Mwalimu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unalala vizuri. Macho je, bado yanakataa maandishi? Mimi sijambo, cherehani haijambo, na wateja hawakosekani.

Namshukuru kaka kwa kumwondoa mkewe hapa kibandani. Wiki tatu zimenitosha. Wifi huyo anashona kama anafukuzwa! Hakiloweki kitambaa kabla ya kukikata, kisha anashangaa nguo ikifuliwa inapanda magotini. Nikamwambia kila mshono upigwe pasi kabla haujakutana na mwingine. Akajibu eti atapiga yote mwishoni, kwa mkupuo mmoja. Na pasi ya umeme anaiburuza mpaka kola inalegea kama sikio la mbuzi. Nilimweleza kwamba pasi huwekwa, ikainuliwa, ikawekwa tena. Akacheka, akasema mimi nimeolewa na pasi. Ndiyo maana hii yako ya mkaa, iliyomeguka ncha, sikumruhusu hata kuigusa.

Habari za gauni la hariri la mwalimu anayestaafu umezisikia. Liliungua kifuani, kesho yake ndiyo anaagwa. Mama wa watu alilia hapa mbele yetu. Kaka alipofika akauliza nani kafanya hivi, nami nikamwelekezea wifi kidevu. Wifi akalitazama doa, akaitazama pasi yako, kisha akaomba radhi. Kaka akamrudisha nyumbani siku hiyohiyo, na ahadi ya kumnunulia cherehani yake akaifuta.

Mama, lile doa lina ncha iliyomeguka. Nilikuwa nimegeukia dirishani, namsimulia jirani jinsi wifi asivyojua kupiga pasi, na pasi yako nimeiacha juu ya hariri, bila hata kile kitambaa chenye unyevu ulichonifundisha kutanguliza. Niliposikia harufu, kazi ilikuwa imekwisha.

Wifi, najua anayemsomea Mama ni wewe, na dharau zote za hapo juu umezitamka kwa kinywa chako mwenyewe. Mishono yako bado ni mibaya, hilo sifuti. Lakini aliyeunguza ni mimi, na ulijua, ukanyamaza. Naona aibu. Mwite kaka, umsomee tena kuanzia penye doa, usiruke neno. Halafu rudi. Pasi ya mkaa utaishika wewe.

Wasalimie watoto wote, Mama, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi binti yako,
fundi mwenye domo.